Kitabu changu kimetiwa kufuli ya kidijitali. Je, nikiweke chini ya leseni huria? Naomba ushauri

MwalimuWaUmoja

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya umma hapa Nairobi, upande wa Umoja, na ninaomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua tangu muhula huu uanze.

Mwaka 2024 niliandika kitabu cha mazoezi ya ufahamu na sarufi kwa wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Kwa kuwa sikuwa na fedha za kuchapisha, nilikipeleka kwenye duka moja la mtandaoni linalouza vitabu vya kielektroniki, na katika fomu ya kujisajili kulikuwa na kisanduku kilichoniuliza iwapo ningependa kazi yangu ilindwe. Nilikitia alama bila kusita, maana ni nani asiyetaka jasho lake lilindwe? Sikujua kwamba ulinzi huo ndio ile kufuli inayoitwa DRM, ambayo hukifunga kitabu kwenye akaunti moja na kifaa kimoja.

Wiki jana mama mmoja alinisubiri langoni saa kumi na nusu jioni, simu mpya mkononi. Ile ya zamani ilikuwa imetumbukia kwenye karai la maji. Alikuwa amelipa shilingi 350 kwa M-Pesa na ujumbe wa malipo bado anao, lakini kila alipogusa jalada la kitabu, skrini ilimjibu kwamba kifaa hicho hakijaidhinishwa. Nilijaribu mimi mwenyewe, niliyekiandika, nikashindwa kumfungulia. Duka nalo lilinijibu kwa kunielekeza kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Jioni hiyo hiyo mwalimu mwenzangu alinionyesha kitabu changu kizima katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule jirani. Ni faili ya PDF iliyotengenezwa kwa kupiga picha za kurasa, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye skrini ya tableti. Kwenye ukurasa wa 31 kinaonekana hata kidole gumba cha mtu. Kwa hiyo asiyelipa anasoma, na aliyelipa amefungiwa nje.

Nimesikia kwamba leseni za Creative Commons, yaani zile leseni huria ambazo mtunzi huzitumia kuwaruhusu wengine wanakili na kusambaza kazi yake, zinakataza kufuli hizi. Je, nikizitumia nitakuwa nimekigawa kitabu bure? Mtu akikichukua na kukitia kufuli yake, nitaweza kumzuia? Mapato yake si makubwa, lakini yaliwahi kumlipia karo kitinda mimba wangu muhula mzima, na siwezi kujifanya kwamba hayana maana kwangu.

FundiWaNgongRoad

Mwalimu, pole. Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nitaanza na namna kufuli yenyewe inavyofanya kazi, kisha wanasheria waendelee.

Kitabu chako kimesimbwa, yaani maandishi yake yamegeuzwa kuwa takataka zisizosomeka, na ufunguo wa kuyarudisha unatunzwa katika seva ya duka. Simu ya mama yule inapokifungua kitabu, programu ya kusomea huiuliza seva iwapo kifaa hiki kinaruhusiwa, na seva ikikubali, ufunguo hutumika kwa siri ndani ya simu. Udhaifu wa mpango huu hauna dawa, kwa sababu ili mtu asome ni lazima maneno yaonekane kwenye skrini, na kinachoonekana kwa jicho kinaonekana pia kwa kamera. Kufuli haikumzuia mwenye kidole gumba hata kwa dakika moja. Iliyemzuia ni mnunuzi aliyebadilisha simu.

Upande wa pili ni kwamba mwenye ufunguo si wewe wala mnunuzi. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza, na wasomaji wakakuta rafu zimepungua. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, seva zikazimwa, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, lakini aliyekuwa ameandika maelezo yake pembeni mwa kurasa hakurudishiwa kitabu chenyewe.

Sasa, nakusihi utenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuondoa kufuli ni jambo moja, na kutoa leseni huria ni jambo jingine. Unaweza kuuza faili ya EPUB, ile aina ya faili inayotumika kwa vitabu vya kielektroniki, isiyo na kufuli huku haki zote zikibaki zako. Kampuni ya Tor, inayochapisha riwaya za kisayansi huko Marekani, iliondoa kufuli kwenye vitabu vyake mwaka 2012 na inaendelea kuviuza, na nyimbo za duka la iTunes ziliondolewa kufuli mwaka 2009. Hao hawakugawa chochote bure. Leseni huria huenda mbali zaidi, kwa sababu humpa msomaji ruhusa ya kunakili na kusambaza, na humkataza yeyote anayeipokea kazi hiyo asiifungie wengine.

WakiliMstaafu

Naunga mkono utenganisho wa Fundi, na ninaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kufuli hii si ya kiteknolojia tu. Mkataba wa Hakimiliki wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, uliyataka mataifa wanachama yaweke sheria dhidi ya wanaovunja vizuizi vya kiufundi vinavyotumiwa na watunzi. Marekani ikapitisha sheria yake mwaka 1998, na Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo ina masharti dhidi ya kuvunja vizuizi hivyo. Maana yake ni kwamba fundi wa simu wa Luthuli Avenue akimfungulia mama yule kitabu alichokilipia, anaweza kujiingiza matatani, ingawa hajaiba chochote. Sheria inailinda kufuli yenyewe, pamoja na kitabu kilichomo ndani.

Hapo ndipo leseni za Creative Commons zinapokuwa na nguvu ambayo kuondoa kufuli peke yake hakuna. Katika toleo la 4.0, lililotolewa mwaka 2013, kuna masharti mawili yanayohusu suala lako. La kwanza linamkataza mpokeaji kuweka kizuizi chochote cha kiufundi ikiwa kizuizi hicho kitawanyima wengine haki walizopewa na leseni. La pili, ambalo mimi ninaliona ndilo zito zaidi, linamfanya mtunzi mwenyewe aache mamlaka yake ya kumkataza mtu kuvunja kufuli pale inapobidi ili atumie haki hizo. Unatumia hakimiliki, ambayo wengine huitumia kufungia, ili kukataza kufungia. Jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo: anayeifunga tena kazi yako amekiuka leseni, ruhusa yake inakoma, na anabaki kuwa mtu anayetumia kazi ya mwenzake bila idhini. Uangalie tu kwamba leseni hii haiyafuti masharti ambayo mnunuzi amekubaliana na duka. Hayo ni yao wawili.

Kabla hujaamua, nijibu maswali matatu. Je, mkataba wako umelipatia duka haki ya pekee ya kukiuza kitabu? Michoro ilichorwa na nani? Vifungu vya ufahamu umevitunga vyote mwenyewe?

MtunziAsiyelala

Nitakuwa mkorofi kidogo, mnisamehe. Ninaishi kwa kalamu, na nimechoka kusikia ushauri wa kufungua milango ukitolewa na watu ambao mishahara yao huingia mwisho wa mwezi bila kujali kitabu kimeuzwa au la. Kufuli ni mbovu, nakubali, lakini mlango mbovu hautengenezwi kwa kuubomoa ukuta.

Mwalimu, elewa kwamba leseni hizi hazirudishwi. Unaweza kuacha kukisambaza kitabu, lakini aliyekwisha kukipata chini ya leseni ataendelea kuwa na haki zake hadi hakimiliki yenyewe iishe, na hapa Kenya hiyo ni miaka 50 baada ya kufa kwako. Kampuni kubwa ikikichukua, ikakichapisha kwa jalada zuri na kukiuza kwa shilingi 600 katika maduka ya vitabu ya Moi Avenue, utalalamika kwa nani? Angalau chagua leseni yenye alama ya NC, inayokataza matumizi ya kibiashara.

MwalimuWaUmoja

Nawashukuru wote. Wakili, majibu yangu ni haya. Mkataba si wa haki ya pekee, nimeusoma tena jana usiku. Michoro 14 ilichorwa na kijana niliyewahi kumfundisha, nikamlipa shilingi 4,000, na hatukuandikiana chochote. Vifungu vya ufahamu ni vyangu, isipokuwa vitatu, kile cha Ziwa Turkana, cha twiga na cha reli, ambavyo nilivitoa kwenye Wikipedia ya Kiswahili na kuvirahisisha ili viwafae watoto. Nilidhani Wikipedia ni mali ya umma.

WakiliMstaafu

Mwalimu, kaa kitako.

Wikipedia si mali ya umma. Maandishi yake yako chini ya leseni ya Creative Commons ya aina ya BY-SA, na tangu mwaka 2023 inatumia toleo la 4.0, ambalo ndilo hilo hilo nililolieleza hapo juu. Herufi hizo zina maana kwamba uwataje watunzi, na kwamba kazi uliyoizalisha kutokana na yao uitoe kwa masharti yale yale. Kwa kuvirahisisha vifungu vitatu, kutovitaja vilikotoka, kisha kuvitia kufuli, umefanya jambo lile lile unaloogopa kufanyiwa. Mtu wa kwanza kufungia kazi huria katika uzi huu ni wewe.

Sikwambii haya ili kukuaibisha. Waandishi wengi wa vitabu vya shule wamefanya hivyo bila kujua, na dawa imo ndani ya leseni yenyewe: ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu ulipoligundua, haki zako zinarudi zenyewe bila kumwomba mtu. Umeligundua leo. Hesabu inaanza leo.

Leseni hiyo haikulazimishi kukifungua kitabu kizima kwa sababu ya vifungu vitatu, kwa kuwa kukusanya kazi mbalimbali ndani ya jalada moja hakuzibadilishi zile nyingine. Inakulazimisha kuhusu vifungu hivyo. Unaweza kuvitoa na kuandika vingine, au kuviacha kwa kuvitaja chanzo na leseni, na kuiondoa kufuli.

Kuhusu michoro, una bahati. Kwa sheria yetu, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, ila pawe na makubaliano tofauti. Hata hivyo, kijana ana haki ya kutajwa jina lake, na haki hiyo hukuinunua kwa shilingi 4,000. Mtafute, mwonyeshe leseni unayoifikiria, mwandikiane karatasi moja. Hatukatazwi kuwa waungwana mahali ambapo sheria haitulazimishi.

MkutubiEastlands

Ninahudumu katika maktaba ya jamii huku Eastlands na ningependa kueleza kufuli hizi zinavyoonekana kutoka upande wa meza yetu.

Tuna msomaji asiyeona, mwanafunzi wa chuo, ambaye hutumia simu inayosoma maandishi kwa sauti. Siku moja alileta kitabu cha kielektroniki alichonunuliwa na kaka yake. Simu ikasoma jina la kitabu, ikasoma neno "ukurasa", kisha ikanyamaza. Kufuli ilikuwa imezuia programu ya sauti isiyafikie maandishi, kwa kuwa haikuweza kuitofautisha na mwizi. Alibaki ameishika simu karibu na sikio, akingoja, akidhani mtandao umekatika. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, nao unaruhusu kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioona, lakini ruhusa iliyo kwenye karatasi haiirudishi sauti ndani ya faili iliyosimbwa.

Upande wa pili tunazo hadithi za African Storybook, ambazo ziko chini ya leseni huria na nyingi zinapatikana kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya. Hizo tunazipakua mara moja, tunazihamisha kutoka simu hadi simu bila bando, tunazichapa kwa maandishi makubwa, na mwalimu anayetaka kuitafsiri hadithi kwa Kiluo au Kikamba haandiki barua ya kuomba ruhusa. Kwa sababu hiyo nakusihi, Mwalimu, usichague leseni yenye ND, inayokataza kubadilisha kazi. Kitabu cha mazoezi kisichoweza kubadilishwa ni nusu kitabu.

MchapajiRiverRoad

Nina duka la fotokopi na uchapaji, ghorofa ya pili, River Road. Walimu huniletea faili kila siku na mimi ndiye ninayewauliza kama wana ruhusa, jambo ambalo huwashangaza. Swali langu ni kuhusu hiyo NC aliyoitaja Mtunzi. Mwalimu akija na kitabu kilichoandikwa kwamba kisitumiwe kibiashara, nami nikamtolea nakala 40 kwa mashine ya Riso na kumtoza malipo, biashara ni yangu au ni yake?

WakiliMstaafu

Swali lako limewahi kufika mahakamani Marekani. Mchapishaji wa vitabu vya hisabati vilivyokuwa chini ya leseni ya BY-NC-SA aliyashtaki maduka ya fotokopi yaliyokuwa yakiwatolea nakala walimu kwa malipo. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2018, katika kesi dhidi ya FedEx Office, kwamba duka lilikuwa likiitumikia shule, na kwamba matumizi ya shule hayakuwa ya kibiashara. Mahakama nyingine ya rufaa ikaamua vivyo hivyo mwaka 2019 katika kesi dhidi ya Office Depot. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu, lakini hoja zake zinaeleweka. Mwalimu akikuletea faili na kuagiza nakala, wewe ni mkono wake. Ukizitoa nakala kwa hiari yako na kuzipanga mlangoni ziuzwe, hapo umevuka mpaka.

Ndiyo maana siipendi sana NC kwa vitabu vya shule. Haimtishi mwizi, na humtia hofu mchapaji mwaminifu.

MtunziAsiyelala

Na ile kampuni yenye jalada zuri? Hamjanijibu.

FundiWaNgongRoad

Nitakujibu mimi, kwa kuwa sisi wa programu tulipita njia hiyo mapema. Kulikuwa na kifaa cha kurekodi televisheni kilichoitwa TiVo, ambacho kiliendeshwa kwa Linux, programu huria. Kampuni iliutoa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kama leseni ilivyotaka, lakini kifaa chenyewe kilikataa kuendesha msimbo wowote uliobadilishwa na mwenye kifaa. Ruhusa ilikuwepo kwa maneno na kufuli ikawepo kwa vitendo. Toleo la 3 la GPL, leseni inayotumiwa na programu huria nyingi, la mwaka 2007, liliandikwa ili kuuziba ufa wa namna hiyo, na lina kipengele kinachosema kwamba kazi iliyo chini ya leseni hiyo isihesabiwe kuwa kizuizi cha kiufundi kinacholindwa na sheria.

BY-SA haimkatazi mwenye jalada zuri kuuza. Inamkataza asikifunge na asijidai kuwa mwenye haki ya pekee juu ya alichokibadilisha. Akiongeza mazoezi 50 mazuri ndani ya kitabu cha Mwalimu, mazoezi hayo yanarudi chini ya leseni ile ile, na Mwalimu anaweza kuyachukua. Na akikiuza kwa shilingi 600 wakati Mchapaji anaweza kukitoa kwa bei ya karatasi na wino, sijui atamuuzia nani.

MtunziAsiyelala

Hilo nimelielewa, na kwa kitabu cha mazoezi naanza kulegea. Riwaya yangu siitoi kwa leseni hiyo. Kufuli nitaiondoa, hilo mmenishinda, kwa sababu mwaka jana nami nilibadilisha simu nikashindwa kukifungua kitabu changu mwenyewe, na sikutaka kukiri mapema.

MwalimuWaUmoja

Nimeyasoma yote mara mbili, tena mara ya pili nikiwa na kalamu. Nimeamua hivi.

Kitabu cha wanafunzi nitakitoa chote chini ya BY-SA 4.0, vikiwemo vile vifungu vitatu, na Wikipedia itatajwa pale inapostahili. Mwongozo wa mwalimu, wenye majibu na maelezo ya kusahihisha, ni kazi yangu mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, nao nitauuza bila kufuli huku haki zote zikibaki zangu. Anayeununua ni mwalimu, na mwalimu akibadilisha simu sitaki anisubiri langoni.

Duka limenieleza kwamba kisanduku kile hakiwezi kuondolewa alama baada ya kitabu kuchapishwa, kwa hiyo nimekiondoa kitabu humo kabisa. Kila mnunuzi wa zamani atakayenionyesha ujumbe wake wa M-Pesa nitamtumia EPUB mpya na mwongozo bila malipo. Mama wa karai la maji alikuwa wa kwanza. Kijana wa michoro tumekutana Jumamosi. Alitia saini, kisha akaniomba turekebishe mchoro wa twiga kwa sababu anasema miguu ya nyuma ilimshinda siku ile.

Tangazo la ukurasa wa pili nimeliandika hivi, na naomba Wakili alitazame: "Kitabu hiki kimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0. Unaruhusiwa kukinakili, kukichapisha, kukitafsiri, kukibadilisha na hata kukiuza, mradi umtaje mtunzi na mchoraji, ueleze ulichobadilisha, utoe kazi yako kwa leseni hii hii, na usikitie kizuizi chochote cha kiufundi kitakachomnyima mwingine haki hizi."

WakiliMstaafu

Ongeza anwani ya ukurasa wa leseni yenyewe chini ya tangazo, ili msomaji aifikie. Mengine yako sawa. Umebakiwa na siku 19.

MwalimuWaUmoja

Asante, Wakili. Mchapaji, ningependa nakala 60 za kitabu cha wanafunzi, kurasa 88, jalada gumu kidogo. Mkutubi amekubali kuchukua 10.

MchapajiRiverRoad

Lete faili ya PDF kwenye flashi, Mwalimu, na ile EPUB ibaki ya simu. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye mashine inashikwa na karatasi za mitihani. Na uje na huyo twiga mwenye miguu mipya.